Kola ya Kufumua

Mama Mkasi alifundisha ushonaji kwa mtandao, simu ameiegemeza kwenye cherehani, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Binti mmoja, ambaye juzi tu kutunga uzi kulimshinda, alipotuma picha ya kola iliyonyooka kama ya dukani, Mama Mkasi alimjibu: "Washa kamera, mwanangu. Ifumue, halafu uishone tena tukikuona."

Binti akasingizia mtandao. Akapewa sifuri.

Mkuu wa chuo akapiga simu. "Mama, mpe tu alama, yaishe. Mambo ya mtandaoni haya, huwezi kujua nani kashona nini."

"Nimempa nafasi anionyeshe, kagoma kuwasha kamera. Ukitaka afaulu, msahihishie wewe. Mimi siandiki uongo kwa mkono wangu." Akakata simu.

Kipindi kilichofuata binti akawasha kamera, amenuna kweli kweli, akashona mbele ya darasa zima. Kola ikatoka upande mmoja juu, mwingine chini.

"Mbaya hiyo," Mama Mkasi akasema, akisogeza miwani. "Lakini ina mwenyewe. Ile ya kwanza sikujua nimfundishe nani."