Firigisi ya Baba

Nilirudi Tabora na cherehani yangu, masanduku ya nguo na seti ya sahani nyeupe zenye maua ya bluu ukingoni. Sahani hizo nilizinunua Kariakoo kwa kujinyima, na njia nzima nilizipakata zikiwa zimefungwa kwenye khanga. Kila treni ilipotikisika, roho ilinipaa. Mama alikuwa ametutoka mwanzoni mwa kiangazi. Ndugu zangu wana waume, wake na kazi za kuajiriwa. Mimi nina cherehani, na cherehani inashona popote. Kwa hiyo kikao cha familia hakikuchukua muda mrefu. Nikahamia mtaa wa Cheyo, nyumbani kwetu, kumtunza baba.

Kumtunza kulikuwa na maana moja tu: kumlisha. Baba alikuwa haumwi popote. Tulimpeleka hospitali ya Kitete akapimwa kila kinachopimika, na daktari akasema mzee yuko salama, ila anakonda mno, tuhakikishe anakula. Kama hali chakula, alituambia, baridi ya mwaka huu itamsumbua. Nilishukuru Mungu moyoni. Kula? Basi amefika. Mimi ni mpishi, jamani, na sijisifu, watu ndio wananisifu. Mjini nilikuwa nikipika pilau la shughuli, mtaa mzima unajua leo ni zamu ya nani jikoni.

Nikaanza kazi. Asubuhi uji wa mtama, na asali ya Ipole badala ya sukari, maana baba anasema sukari inamfanya mtu awe mvivu. Mchana ugali na nsansa, yale majani ya kunde ya kuanikwa ambayo mama alikuwa akiyapika na karanga za kusaga mpaka mafuta yanaelea juu. Jioni wali kidogo, au viazi, au migebuka iliyokuja na treni ya Kigoma, nikiichambua miiba mwenyewe. Nilimwandalia mezani. Sahani yake ya maua ya bluu, kijiko chake, glasi yake ya maji iliyofunikwa na kitambaa nilichokidarizi kwa mkono. Nikasimama pembeni kusubiri sifa.

Baba alikula matonge mawili, akanawa. "Nimeshiba, mama," akasema. Ananiita mama tangu nizaliwe, kwa sababu nina jina la mama yake.

Siku ya pili vilevile. Wiki nzima vilevile. Nikadhani ni chumvi, nikapunguza. Nikadhani ni meno, nikalainisha. Nikapika uyoga, nikapika mlenda, nikachemsha michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, nikaiponda na karanga kama anavyopenda. Matonge mawili, na "nimeshiba, mama". Nikatoka nje na sahani imejaa, nikakaa kwenye kigoda cha mama jikoni, nikalia. Nililia kwa uchungu na kwa hasira pia, sioni haya kusema. Nilimkasirikia yeye kwa kukonda mbele ya macho yangu, na nilimkasirikia mama kwa kuondoka na siri ya sufuria zake.

Jumapili nikaamua kumaliza ubishi. Nikachinjisha jogoo, nikamuunga kwa nyanya na vitunguu tu bila mbwembwe, na firigisi nikaiweka juu kabisa, upande wa mkono wa kulia wa baba. Kwa msomaji wa mbali nieleze: kwetu firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba. Nimeshuhudia ndoa ikitikisika kwa sababu mke aliionja jikoni. Baba akala matonge yake mawili, akachota mchuzi kidogo, na ile firigisi akaisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa sahani, juu ya maua ya bluu. Ikabaki hapo. Akanawa.

Firigisi! Hata firigisi! Niliitupia paka wa jirani, na paka yule akaila huku ananitazama. Jumapili iliyofuata ikawa hivyohivyo, na paka akaanza kuja kwa wakati.

Jikoni nilikuwa nikikumbuka sana barazani kwetu enzi zile. Baba alikuwa mtu wa reli, na majirani wetu wengi walikuwa wa reli pia. Jua likianza kulala, wanaume walikaa kwenye mkeka barazani kwetu na kila nyumba ilileta sinia lake: huku ugali na maharage, kule ugali na nsansa, na siku za mshahara nyama. Hakuna aliyejua anakula cha nani. Wanawake na watoto tulikula uani. Mimi ndiye niliyekuwa nabeba birika na beseni la kunawia, nikipiga magoti mbele ya kila mmoja kuanzia mkubwa, na wao wakinitania kwamba maji yangu ni ya baridi kwa sababu mimi ni mvivu wa kuwasha moto. Halafu mmoja akahamishwa, mwingine akarudi kwao Nzega, wengine tukawazika. Baraza likabaki na baba.

Sinia letu la zamani nililikuta nilipofika. Bati limepinda, ua la katikati limefutika kwa kusuguliwa. Kwa kuwa nilikuja na sahani zangu za maana, nililipandisha juu ya paa la jiko, nikaanikia majani ya kunde.

Siku moja jirani yangu, mama mmoja anayeuza mkaa na habari kwa pamoja, akaniambia, "Dada, mzee wako mbona tunamwona kwa mama lishe wa pale stesheni? Tena anakula kweli kweli."

Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Yaani mimi nimeacha wateja wangu mjini, nachambua miiba ya migebuka kwa kucha, halafu mzee anakwenda kula kwa watu? Kumbe kile anachoita kunyoosha miguu kila mchana ndicho hicho! Nikavaa khanga, nikamfuata kwa mbali. Mwanamke mzima, nimejificha nyuma ya mkokoteni wa maji.

Mahali penyewe ni banda la mabati na turubai, mabenchi, majiko ya mkaa yamepangwa nje. Tabora imekuwa ikilisha wasafiri tangu enzi za misafara ya miguu, na sehemu kama hiyo haikosi kuwa na watu wenye mizigo wanaokula huku jicho moja liko njiani. Baba alikuwa ndani kabisa, kwenye mkeka, na wazee wenzake. Nilimtambua yule aliyehamishwa zamani akaacha kuja barazani kwetu; kumbe amerudi, sasa anatembelea fimbo. Nikaketi kwenye benchi la nje, nikampa baba mgongo.

"Karibu dada, leo kuna nsansa, kuna nyama," akasema mama lishe. Mama mnene, mcheshi, rika langu.

"Nipe nsansa," nikasema, kwa sauti ya mkaguzi.

Nikaionja polepole. Nikaionja tena. Naapa, ilikuwa imepungua chumvi. Karanga hazikuiva vizuri. Ugali ulikuwa na madonge. Nilifurahi kwa dakika moja hivi, nikijua kabisa kwamba mimi ni mpishi bora kuliko yeye, halafu furaha ikaniisha. Kwa sababu nyuma yangu nilikuwa nasikia sauti ya baba. Anacheka. Tangu nirudi nilikuwa sijaisikia sauti ile.

Nikageuka kidogo. Walikuwa wanakula sinia moja. Birika lilikuwa limeshapita. Kila mmoja anakata tonge upande wake, na mwenye fimbo, ambaye mkono wake unatetemeka, wenzake wanamngoja bila kuonyesha kwamba wanamngoja. Wanazungumzia treni za zamani, nani alilala zamu akapitilizwa Urambo. Baba akakata tonge, akakata jingine, nikaacha kuhesabu.

Mwisho wakatoa mikono karibu pamoja. Katikati ya sinia palibaki tonge na kipande cha nyama, kipande kizuri, chenye mfupa. Nikadhani wameshindwa kukimaliza. Hapana. Baba akakisogeza kwa kidole mpaka ukingoni, akaita, "Mama, njoo utoe vyombo." Mama lishe akaja, akachuchumaa palepale, akala tonge na nyama mbele yao, akalamba vidole, akasema, "Ahsanteni wazee wangu." Nao wakaitikia, "Haya," na ndipo baba akaegemea ukuta, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi.

Nilisahau nsansa yangu. Nilikuwa nimerudi barazani kwetu, nimepiga magoti na beseni, mtoto wa darasa la kwanza. Wanaume wanatoa mikono. Baba anasukuma kipande ukingoni mwa sinia, upande wangu, bila kunitazama, na mimi nalibeba sinia hadi nyuma ya mlango na kukila haraka kabla kaka zangu hawajaniona. Kila siku. Nilikila utoto wangu wote. Halafu nikaenda mjini nikajifunza kula kwenye sahani, kila mtu na yake, na anayebakiza amekosa adabu au hajapenda chakula.

Nililipa, nikaondoka bila kumsemesha baba. Njiani nilikuwa nawaza firigisi zile na yule paka. Aibu ilinishika peke yangu barabarani, nikacheka, kisha machozi yakanitoka tena, na mtu mmoja wa baiskeli akaniuliza, "Salama, mama?" Nikamwambia salama.

Jumapili nikapanda kwenye paa la jiko. Nikayamwaga majani ya kunde kwenye ungo, nikalishusha sinia, nikalisugua kwa majivu mpaka likang'aa pale lilipoweza kung'aa. Jogoo nikampika vilevile. Nikatandika mkeka barazani, si ndani, nikaweka sinia, ugali katikati, bakuli la kuku pembeni, firigisi upande wake. Nikaleta birika na beseni, nikapiga magoti. Magoti yenyewe siku hizi yanalalamika.

Baba akaangalia mkeka. "Sahani zako ziko wapi?"

"Leo zimepumzika."

"Na nitakula na nani?"

"Na mimi, baba."

Akatazama barabarani. Watu walikuwa wanatoka kanisani. Kwetu binti mkubwa hali sinia moja na baba yake, tena barazani, mchana kweupe. "Watu watasema," akanong'ona.

"Waseme. Wakichoka watakwenda kupika kwao."

Midomo ikamcheza. "Mama yako naye alinijibu hivyohivyo," akasema. "Alipofariki yule wa mwisho aliyebaki barazani. Nilikaa na sinia peke yangu, nikashindwa. Akaja akakaa hapo ulipo. Nikamwambia watu watasema." Akanyoosha mikono juu ya beseni. "Mwaga maji basi."

Sikujua. Miaka yote ile nikipiga simu kutoka mjini, nikiuliza mmekula nini, sikuwahi kuuliza mmekulaje.

Tulikula. Mwanzoni nilikula haraka, kwa mazoea ya cherehani, halafu nikajifunza kumngoja bila kuonyesha. Akauliza mchuzi nimeuweka nini, nikamwambia nyanya tu. Akasema umetulia. Mama mmoja wa jumuiya akapita, akatusalimu kwa mshangao, "Shikamoo mzee," baba akaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito, mkono haujatoka siniani. Ugali ulipungua kutoka pande zote mbili mpaka ua lililofutika likaonekana.

Kisha akatoa mkono. Kwa kidole kimoja akaisogeza firigisi ukingoni, upande wangu, akageuza uso kutazama mti wa jirani kana kwamba kuna ndege wa maana pale.

Nikaichukua. Ilikuwa ngumu kidogo, moto ulikuwa umezidi. Nikaitafuna palepale barazani bila kujificha nyuma ya mlango, yeye akisubiri bila kugeuka, mpaka nilipomeza.

"Ahsante, baba."

"Haya," akasema. Akaegemea ukuta, akashusha pumzi. "Sasa nimeshiba."