Kwa Aliyemwoa Mama Yangu

Mama alipofariki aliniachia maneno mawili tu ya kwao: Itiryo, na Bhoke. Aliyatamka hospitalini wiki yake ya mwisho, baada ya kunizungusha miaka yote. Kila nilipomwuliza kwetu ni wapi, alijibu, "Tanzania huko, na mimi sirudi. Niliwakosea." Nikimbana zaidi, anasema, "Nilizaa msichana," kisha anageukia makopo yake. Nyuma ya nyumba yetu ya kupanga hapa Nakuru alipanda wimbi kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, kila mwaka, wimbi lisilotosha hata kikombe cha uji. Nilimcheka sana kwa makopo yale. Mungu anisamehe.

Msichana huyo ni mimi, mtoto pekee. Nimekua nikijua kwamba kosa la Mama lina miguu na linakula chapati.

Mama mmoja anayetuletea maharagwe kwenye shule ninayopika ni mtu wa mpakani. Nilimpa yale maneno mawili na habari za msiba, akaenda navyo. Wiki mbili baadaye simu ililia, mwanamume anaitwa Marwa. "Bibi Bhoke anasema uje."

"Amesema nini kingine?"

"Hajasema. Uje tu."

Niwaambie ukweli, wenzangu wa jikoni mlionisindikiza kituoni mkicheka, mimi sikuwa na kicheko. Mtu akikuita bila kusema sababu, unapanga nguo, unazipangua, unazipanga tena. Huenda ananiita anipokee. Huenda ananiita anitupie maneno aliyomwekea Mama.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, basi liliondoka. Kericho chai kila upande, Kisii ndizi, Migori jua. Nilikuwa na mkoba mmoja, na ndani yake leso ya Mama ya zambarau, ile aliyojifunga siku za kufua.

Isebania tulifika saa nane. Upande wa pili, Sirari, afisa wa uhamiaji aliniuliza naenda kwa nani.

"Kwa jamaa zangu."

"Jamaa yupi? Shangazi? Babu?"

"Afande, hata mimi bado sijui."

Alinitazama, akagonga muhuri.

Marwa alikuwa akinisubiri na pikipiki yake, mrefu, mcheshi, mjukuu wa mke mwenza wa Bhoke. Nilimwambia, "Sasa, twende?" Akacheka mpaka akashika tumbo. "Wakenya! Hata hujanisalimia. Nyumbani watadhani umekuja kukamata mtu."

Tarime mjini tulisimama kunywa chai, na hapo ndipo nilipopata habari yenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na nyanya, au shangazi.

"Bibi alifiwa na mumewe bila mtoto," Marwa alisema. "Kwa hiyo akamwoa mama yako."

"Akamwoa vipi? Mwanamke?"

"Ndiyo. Kwetu ipo, tunaita nyumba ntobhu. Alitoa ng'ombe kama mume yeyote. Mama yako azae na mwanamume atakayechaguliwa, na watoto wawe wa nyumba ya Bibi. Wewe ni mtoto wa Bibi. Usiangalie damu, angalia ng'ombe walikotoka."

Chai ilinipalia. Nilikohoa, nikauliza lile lililonileta. "Na nyumba kama hiyo inataka mtoto wa kiume, sivyo?"

Marwa alitazama kikombe chake. "Watu husema hivyo."

Kutoka Tarime ni barabara ya vumbi na vilima, migomba, kahawa, ng'ombe wanaovuka wanapotaka. Nilikuwa nyuma ya pikipiki nikiona yale mashamba ya wimbi, ambalo wao huliita ulezi, ekari kwa ekari, na nikaanza kulia ndani ya kofia ngumu. Mama aliyakumbuka haya yote akiwa na makopo sita.

Itiryo tuliingia saa kumi na moja kasoro. Mwanamke mzee, mwembamba, alikuwa uani akipepeta ulezi. Nilinyoosha mkono nikasema, "Habari yako?" Hakuupokea. Marwa alinikanyaga mguu. "Shikamoo," akaninong'oneza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Jina lako?"

"Grace."

"La nyumbani."

"Robi. Mama aliniita Robi."

Ungo ulimponyoka, ulezi ukamwagika wote. Aliketi chini palepale juu ya nafaka yake. "Robi ni jina la mama yangu mimi," alisema. "Nilikupa mimi jina hilo. Nyangi hakulitupa?"

Nyangi ndiye Mama. Nilisema hakulitupa, alilitumia kila siku, hata akinigombeza. Kisha yule mzee aliuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba mimi nimwulize yeye.

"Kwa nini aliondoka? Nilikwenda sokoni, nikarudi, nyumba tupu. Wewe ulikuwa hujaota hata jino. Nimeuliza watu wote."

"Alisema alizaa msichana."

Alimgeukia Marwa, naye akamrudia maneno yangu kwa Kikurya. Halafu Bhoke akajipiga gotini kwa kiganja, pa, pa. "Nani alimwambia nilitaka mvulana? Mashemeji ndio waliotaka, walisema na kusema. Mimi nilitaka mtoto alie humu ndani! Nyumba ilikuwa kimya. Ulipolia usiku nilifurahi, nikamwambia Nyangi, mwache alie kidogo."

Jamani, nililia kama mtoto. Mama alikimbia mlango uliokuwa wazi, na hakuna aliyemwambia geuka uone.

Ijumaa asubuhi, baada ya uji, Bhoke alinishika mkono akanipeleka kando ya nyumba. Kulikuwa na kaburi la mumewe, na karibu yake sehemu mbili zisizolimwa, ingawa mahindi yalikuwa yamebanana pande zote. "Hapa nitalala mimi. Hapa Nyangi. Kila mwaka wanataka kupalima, nakataa. Sasa niambie, amelala wapi?"

Nilimwambia. Makaburi ya manispaa, Nakuru, kibao chenye namba. Nilimfunika mabega kwa ile leso. Aliinusa, akaifunga fundo kifuani.

"Basi palimwe," alisema. Akaniletea jembe.

"Bibi, paache. Mtoto wake nipo. Siku yangu ikifika..."

"Nyamaza wewe!" Akacheka, machozi bado yako usoni. "Wewe bado mbichi. Tupande viazi. Viazi vinakuja haraka, na wewe utakuja kuvila."

Tulipanda marando ya viazi, yeye akielekeza, mimi nikilima vibaya, Marwa akitangaza kwa majirani kwamba Wakenya hushika jembe kama mwiko. Mpishi nifanyeje?

Jumapili mchana niliaga. Bhoke hakunisindikiza hadi barabarani. Alisema mgongo wa mtu wa kwanza aliyemwacha hakuuona, na wa pili hataki kuuona. Alibaki ndani akiwa amejifunga ile leso, na nilisikia akikohoa mpaka pikipiki ilipowaka.

Nilikwenda kutafuta kama mimi ni kosa. Sasa najua nilikuwa kilio kilichosubiriwa, na kinachonila ni kwamba Mama hakujua. Siku moja ya safari, basi na pikipiki, ndiyo iliyowatenganisha maisha yote.

Miezi minne imepita, na juzi Marwa alipiga simu. Viazi vimekomaa hadi vimepasua ardhi, na Bibi amemkataza kila mtu kuvichimba. "Anasema vina mwenyewe."

Nimeomba ruhusa jikoni. Alhamisi natoka tena, na safari hii mkoba wangu utakuwa mzito. Nimefunga kopo moja la Mama, na udongo wake wote, na wimbi lililobakia ndani yake. Nikishachimba viazi, nitalimwaga palepale.