Taa Iliyohama Mimbarini

Kanisa letu la Kibomet, hapa Kitale, liliponunua taa nne za jukwaani ambazo kichwa chake huzungushwa na mota, zile za bei rahisi, nilikabidhiwa mimi kuziendesha, kwa sababu tu nafundisha kompyuta. Jumamosi nilizielekeza: tatu kwa kwaya, moja mimbarini. Jumapili, mapazia yakiwa yamefungwa, ibada ilianza vizuri. Kufikia mahubiri, taa ya mimbarini ilikuwa imesogea hadi kwa mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akipenga kamasi. Mchungaji alipiga hatua mbili kuufuata mwanga, kisha akakata tamaa.

Niliizima, nikaiwasha. Ilijizungusha, ikarudi mahali pake sawasawa. Baada ya nyimbo tatu ikahama tena. Nilibadilisha waya, nikalaumu stima. Nikaibadilishia nafasi na jirani yake, na ugonjwa ukaenda nayo. Basi shida ilikuwa taa yenyewe.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa redio na televisheni Bungoma. Nilimpelekea. Aliisimamisha mezani, tukatia alama ya kalamu ukutani pale mwanga ulipoangukia, tukaizungusha tangu asubuhi hadi saa nane. Haikuhama hata upana wa kidole. Shemeji hakunicheka, ila aliniuliza kama siku hizi ninalala vizuri.

Jumapili iliyofuata, kanisani, ikahama. Nikaanza kujishuku, labda nabonyeza kitu bila kujua. Wimbo mmoja mzima niliimba nikiwa nimekalia mikono yangu. Ikahama.

Nilimpigia shemeji. Aliuliza kama inapata joto, kama stima inashuka. Nilijibu sijui, sijui. Halafu akauliza, "Huko kanisani imekaa aje?"

"Imening'inia."

"Kichwa chini?"

"Eeh."

"Na hapa si tuliisimamisha, shem," akasema.

Alikuja Kitale mwenyewe. Alipanda ngazi, akaifungua ikiwa palepale juu. Mkanda wa mpira unaozungusha kichwa ulikuwa umelegea. Taa ikining'inia, uzito wa kichwa ukivuta chini, meno ya mkanda yalikuwa yakiruka moja moja, na taa yenyewe ikidhani bado iko mahali pake. Alikaza mikanda ya taa zote nne.

Ile ya mimbarini haijahama tangu siku hiyo. Lakini wiki mbili baadaye moja ya zile za kwaya, ambayo haikuwa na kosa lolote, ilianza kutazama dirishani. Tumepangusa vumbi kwenye sensa yake, kile kihisi kinachoionyesha mahali pa kuanzia, tumekaza mkanda mara ya pili. Shemeji anasema labda mota imechoka, na nikimuuliza mbona sasa na si mwanzo, anasema hata yeye hajui. Tumeishusha. Iko kwenye kabati langu la shule, na wakati wa mapumziko huisimamisha mezani, nikaiwasha, nikaitazama ikizunguka bila kukosea hata mara moja.