Siku Ini la Papa Mukubwa Lilipofungiwa Daraja

Nakumbuka vizuri swali lililoninyima usingizi kabla Papa Mukubwa, kaka wa baba yetu, hajapasuliwa ini kuondolewa uvimbe wa saratani: daktari akiibana mishipa ili damu isimwagike, seli za saratani zitafanya nini zikikosa oksijeni? Nakusimulia, mdogo wangu, kwa sababu unaanza chuo na kichwa chako nakijua. Ni kama changu.

Nilikuwa nimemaliza shahada ya biolojia, sina kazi, nina muda mwingi wa kuogopa. Nilikuwa nimesoma kwamba damu ikizuiwa, hata kwa dakika chache, jeni fulani ndani ya seli huamka na nyingine hupunguza kazi. Na Papa Mukubwa alikuwa amekubali kipande cha uvimbe wake kiende kwa watafiti. Basi nikawaza: kikikatwa damu ikiwa imeshazuiwa, watasoma saratani yenyewe, au watasoma namna inavyohangaika ikikosa hewa? Na hizo jeni zilizoamka, zitalala tena?

Mtu mwenye akili angemuuliza daktari. Mimi nilimweleza mgonjwa.

Nilimkuta nyumbani kwake Nkungu, upande wa Rwanda, akikunja pajama mpya ya kwenda nayo hospitali. Nikampangia mfano wa ini kwa maharage mezani, kijiko kikawa kibanio. Alisikiliza kwa heshima mpaka niliposema jeni zinaamka. Akairudisha pajama kabatini. Akasema haendi, kama kuna vitu vimelala ndani yake, yeye hatamlipa mtu aviamshe.

Mkewe, Maman Riziki, anayevusha nyanya kwenda Bukavu, alinitazama kana kwamba uvimbe ni mimi. Alikuwa amembembeleza mzee tangu mvua zilipoanza mpaka akakubali, na mimi nimeharibu yote kwa kijiko.

Nikajaribu kujiokoa. Nikasema ni kama daraja la Rusizi II, lile la mpakani analovukia mkewe, likifungwa. Maman Riziki hukaa kando ya beseni lake la nyanya, hupaza sauti, humsema kila aliye karibu. Likifunguliwa, anavuka na kutulia. Aliyemwona saa ile tu ataenda kusimulia kwamba ni mgomvi. Ndiyo maana ingefaa watafiti wamtazame kwanza kabla daraja halijafungwa, yaani wakate kipande kabla damu haijazuiwa.

"Mimi ni mugomvi?" aliuliza Maman Riziki.

"Kidogo," alisema Papa Mukubwa, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. Kisha akanigeukia. "Na docteri alikujibu nini?"

Nikasema sijamuuliza. Bado nalitunga swali.

"Ule mwenye atashika kisu analala vizuri, na mimi niko nabeba woga yako? Mwanangu, ulizo ipeleke kwa mwenye anaweza kuijibu."

Akatoa pajama tena, lakini kwa sharti: atafika hospitali, ila hapandi kitanda mpaka niwe nimeuliza.

Kesho yake, hospitalini, nilimfuata daktari koridoni. Hotuba yangu yote ikanikimbia, likabaki swali tupu: kipande kitachukuliwa kabla ya kuzuia damu, au baada? Akasimama. Akasema watachukua kidogo kabla na kidogo baada, na wataandika muda wa kila kimoja. Jeni nyingine hutulia damu ikirudi, nyingine bado zinachunguzwa. Lakini mgonjwa anaweza kufa leo kwa kuvuja damu, kwa hiyo atabana kwa muda mfupi, aachie, abane tena.

Nilimpelekea Papa Mukubwa jibu hilo, bila maharage. Akapanda kitanda.

Alipozinduka aliuliza kwa sauti ndogo kama daraja limefunguliwa. Maman Riziki alimshika mkono, akamwambia limefunguliwa, na kwamba leo hakugombana na muntu.

Basi, mdogo wangu, woga utakuja tu, mimi bado ninao. Ukija, usimgawie aliye dhaifu kuliko wewe. Ufupishe uwe swali moja, uinuke, umfuate anayejua. Mungu akupe kichwa cha kuuliza, na miguu ya kukifikisha kwenye jibu.