Nailoni ya Laptopu Mpya

Tangu Machi, kibaraza cha Bi Mwanakombo hapa Chang'ombe kiko kimya. Kwa miaka thelathini na moja taipureta yake ilisikika mpaka kwenye gereji za mtaa wa pili, na wenye kesi katika mahakama ya jirani waliifuata kwa masikio. Alichapa barua, mikataba ya upangaji, sababu za rufaa. Kwa kazi hiyo alisomesha mtoto, akamzika mume, na mgongo wake ukapinda taratibu kuielekea meza.

Riboni za wino za taipureta zilipoadimika, bintiye Lulu, muuguzi anayeishi Mbweni, alimletea laptopu mpya. Bi Mwanakombo aliitazama kwa muda mrefu. Aligonga herufi, hazikutoa mlio. Alikosea, Lulu akamwonyesha pa kubonyeza, na kosa likaondoka bila kuacha kovu.

"Linakwenda wapi?"

"Limefutika, mama. Basi."

Jibu hilo halikumridhisha. Kwenye karatasi kosa hubaki, na msomaji akajua kwamba hapa mtu aliteleza.

"Sasa toa hiyo nailoni," Lulu alisema.

"Ili ichubuke? Friji ya mjomba wako ina mwaka wa sita na nailoni yake. Imemdhuru nani?"

Nailoni ikabaki, juu na chini. Laptopu aliilaza ndani ya boksi lake, juu ya sponji iliyokuja nayo, na mgongoni akaifunika kitambaa cha kufuma, akawa anachapia humo humo. Ndivyo tunavyotunza vitu vipya majumbani mwetu. Ilipopata moto hakushangaa. Hata pasi hupata moto ikifanya kazi.

Alhamisi moja alikuja Polikarpo, fundi wa mageti. Alikuwa ameshindwa kesi ya nyumba aliyoachiwa na mama yake, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho kukata rufaa. Dirisha la mahakama hufungwa saa tisa alasiri. Bi Mwanakombo alianza kuchapa sababu za rufaa saa tatu asubuhi, polepole, akitafuta herufi ambazo vidole vyake vilizijua kwenye mashine nyingine. Saa saba, akiwa ukurasa wa sita, kioo kikawa cheusi.

Alimwita Marselino, fundi simu wa meza ya jirani. Marselino alishika boksi, akaondoa mkono haraka.

"Shikamoo, shangazi. Umeitandikia godoro kabisa? Hii inapumulia chini."

"Marahaba. Iwashe."

Aliipepea kwa gazeti mpaka ikapoa, ikawaka. Kurasa hazikuwepo.

"Ulisevu?"

"Niliandika."

"Najua uliandika. Ulisevu?"

"Kitu nimeshakiandika, nisevu nini tena?"

Lulu alimwonyesha mambo mengi siku ile. Hilo lilimpita. Miaka yote, alichokigonga kilikuwa tayari kwenye karatasi.

Polikarpo alisimama. "Mama, bado nina muda. Nikimbilie steshenari?"

Bi Mwanakombo alikuwa tayari anaivuta taipureta kutoka uvunguni. "Kaa, baba. Mie namaliza."

Akakaa. Angeweza kuondoka, lakini mama huyu ndiye aliyewachapia wazazi wake hati ya nyumba hiyo hiyo. Riboni ilikuwa imechakaa, herufi zilitoka hafifu, Bi Mwanakombo akawa anazigonga mara mbili mbili, jasho likimtiririka shingoni. Alikuwa ukurasa wa nne Marselino aliposema, bila kumtazama yeyote, kwamba saa tisa imepita.

"Ungeniachia niende, mama," Polikarpo alisema.

"Ningekuachia."

Polikarpo alikusanya karatasi zake za mkono, akazikunja, akaondoka. Hakumlaumu mbele za watu, na baadaye aliomba mahakama imruhusu kukata rufaa nje ya muda. Maombi hayo yalichapwa steshenari. Wateja wengine waliendelea kuja kibarazani, wachache, nao Bi Mwanakombo akawa anawaelekeza huko huko, kwa sauti ya chini, kama anayemwelekeza mgeni msibani.

Machi alikifunga kibaraza. Sasa anaishi Mbweni kwa Lulu, katika chumba cha nyuma, na kila Jumatano huhudhuria kliniki ya presha.