Karoti za Baba na Jembe la Bibi

Baba alikuwa na viganja laini, na jambo hilo lilimuuma. Alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa milima ya Usambara aliyeletwa Shinyanga na kazi, akaoa Msukuma. Siku alipokwenda Tinde kuposa, bibi yangu mzaa mama alimtazama mikono kwa mbali, kisha akamuuliza mshenga kama binti yake atakuwa anapikiwa karatasi. Maneno hayo baba aliyabeba miaka kumi na moja.

Kwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya sabini, mama alipokaribia kujifungua na tukaletewa habari kwamba bibi anakuja kumhudumia mzazi, baba hakuuliza habari za mkunga wala za nguo za mtoto. Aliuliza mvua zitaanza lini. Alitaka bibi akifika akute bustani, aone kwamba mkwewe analima.

Uani kwetu, mtaa wa Kambarage, palikuwa na kipande cha udongo mweusi, mgumu wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha unang'ang'ania miguu hadi unavua kiatu ukakiacha humo. Mvua ya kwanza ilipoanguka baba alitoka na jembe jipya, suruali ya kazini ameikunja hadi magotini. Siku ya pili alifunga kitambaa kwenye mpini, kwa sababu malengelenge yalikuwa yamepasuka. Alitukataza kumwambia mtu. Akapanda kabichi na karoti, mboga za kwao milimani, katika matuta aliyoyanyoosha kwa kamba na vigingi. Kilichoota bila ruhusa yake alikitupa juu ya uzio wa minyaa, na wakati huo wa mwaka kinachoota bila ruhusa Usukumani ni mlenda na mgagani. Mama alitazama mboga zake za utotoni zikirushwa kwa mbuzi wa jirani, akashika tumbo lake, akaingia ndani.

Mvua ya kwanza kwetu ni ya kudanganya. Inanyesha siku mbili, inaondoka wiki mbili. Hapo ndipo nilipoingizwa mimi, mtoto wa kwanza, umri miaka kumi: ndoo sita kutoka bombani asubuhi kabla ya shule, na sita jioni. Nilizichukia karoti kabla sijaonja hata moja.

Mdogo wangu alizaliwa, bibi akaja na mzigo wa mboga zilizokaushwa, akakaa chumba cha uani. Kuanzia siku hiyo nilipata kazi ya pili. Kwa mila ya Wasukuma mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani ovyo. Baba akiingia uani alikohoa, na bibi akaenda nyuma ya jiko. Bibi akitaka kupita alikohoa, baba akageukia ukuta. Kulikuwa na kikohozi kingi nyumbani mwetu kuliko katika zahanati. Tena baba Kisukuma chake kiliishia kwenye "mwangaluka", salamu ya asubuhi, ambayo aliitoa hata saa kumi na mbili jioni. Basi maneno yote yalipita kwangu.

Nami niliyapunguza makali. Bibi akisema, "Mwambie baba yako chumvi imekwisha tangu juzi, na mwanamume mwenye macho angeona," mimi nilisema, "Bibi anakusalimu, na chumvi imekwisha." Baba akisema, "Mwambie bibi yako mtoto havishwi sweta tatu kwenye joto hili," mimi nilisema, "Baba anasifu sweta." Mjumbe hauawi, lakini mimi sikutaka hata kukemewa. Nilijiona mtu wa busara sana.

Wiki ya kwanza baba alikosa nafasi ya bustani kwa sababu ya mtoto, na mgagani ukarudi kati ya matuta, umestawi, mnene. Bibi alisimama akaitazama bustani ile kwa huruma.

"Maskini," akaniambia. "Amejitahidi kupanda mgagani, lakini majani yamemzidi. Na mji huu wa ajabu, hata magugu yanapanga foleni."

Karoti zilikuwa zimeota kama nyuzi, na kabichi zilikuwa na majani manne manne. Bibi aliwahi kuona kabichi sokoni tu, tayari imejifunga. Sikumwambia kitu. Nilikuwa na ndoo kichwani.

Jumamosi asubuhi akanituma. "Kamuulize baba yako kama nimpalilie, na aniambie niache nini."

Baba alikuwa ananyoa ndevu akisikiliza taarifa ya habari, na mtu aliyemsemesha wakati huo alijuta. Nilisimama mlangoni kwake. Nikafikiria ndoo kumi na mbili. Nikarudi.

"Baba anashukuru," nikasema. "Anasema bibi ndiye mjuzi, aache anachoona kinafaa."

Kwa umri nilionao sasa sina haja ya kudanganya: nilijua vizuri kabisa kitakachotokea.

Baba alikwenda kazini, akarudi saa nane, akakohoa, bibi akaenda nyuma ya jiko. Bustani ilikuwa safi. Mgagani umesimama wote, umewekewa udongo shinani. Kamba na vigingi vimepangwa pembeni kwa heshima. Karoti na kabichi zilikuwa zimerushwa kule kule ulikorushwa mgagani mwanzoni, na mbuzi wa jirani walikuwa wanamalizia. Dirishani mama aliona uso wa baba, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akiomba mtu yeyote asimchekeshe kwa sababu tumbo bado bichi.

"Nani?" baba akaniuliza.

"Bibi. Amekupalilia."

Alichuchumaa, akapapasa udongo, akapata karoti moja nyembamba kama mkia wa panya. Akaifuta, akaitia mfukoni. Niliogopa. Sikuogopa kiboko, niliogopa kile ambacho angeniambia nikamwambie bibi, kwa sababu niliona kwamba safari hii hakuna namna ya kukipunguza makali. Bibi angefunga mzigo wake siku ile ile. Na baba angebaki kuwa mtu wa karatasi maisha yake yote.

Baba alisimama, akayatazama matuta.

"Mwambie mama," akasema, na sikuwahi kumsikia akimwita hivyo, "kazi hii ingenichukua wiki nzima. Mwambie asante. Mwambie mgagani huo nitaula leo jioni."

Nilikwenda nyuma ya jiko nikayasema yote kama yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Sikujiamini kubuni kitu. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, na jembe la baba liko mapajani mwake. Alikuwa anakifungua kile kitambaa cha mpini, kimekakamaa kwa damu ya zamani, akifunga kingine kipya alichokipasua kwenye khanga yake.

"Mwambie mwanangu alilima vizuri," akasema. "Mwambie mikono asiifiche. Nimeiona."

Nikarudi kwa baba nikayasema kwa Kiswahili. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Rudia."

Nikarudia.

"Hilo la 'mwanangu'," akasema taratibu, "ni lake, au ni la kwako?"

Masikio yakaniwaka moto. Kumbe alijua siku zote, tangu chumvi, tangu sweta.

"Ni lake, baba. Naapa."

Aligeuka upande, akajifanya anachunguza uzio. Akatoa leso akapenga kamasi. Alipogeuka tena, uso wake ulikuwa wa karani aliyekwisha kusoma barua yote hadi chini, pamoja na saini.

"Vizuri," akasema. "Basi chukua ndoo. Mgagani wa mama usinyauke. Sita sasa, na sita jioni."