Mshairi Wangu wa Swima

Ukurasa wa kwanza wa jarida letu la fasihi hapa Baraka ulikuwa bado mtupu, nami, mhariri wake, nilikuwa nimewaahidi waandishi wenzangu shairi la kuwanyamazisha wanaotucheka. Ndipo namba nisiyoijua ikanitumia ujumbe: "Mwezi inaangaza, taa yako haina kazi tena. Rudia. Ni mi, wako wa Swima."

Niliruka kwa furaha! Taa ni uhai, mwezi ni umilele! Mtoto wa milimani mimi, sikumuuliza mtu. Nikalichapa kama shairi, na siku ya uzinduzi nikalisoma mbele ya watu.

Mvuvi mmoja akaangua kicheko. "Muandishi, mwezi ikiangaza ndagala, ile samaki kidogo-kidogo, haikuye ku taa. Bavuvi banarudiaka kwao!"

Mkewe, aliyefika kutoka kijiji chao cha Swima, akasimama kando yake. "Na we, Baba Riziki, juu ya nini haukurudia? Mi nakununia mpaka leo!"

"Haukuniita!"

"Nilikuita ku simu! Ayo maneno anasoma ni yangu!"

Wote wawili wakanigeukia, nami bado nimeliinua jarida juu, ambapo chini ya shairi niliandika kwa herufi nene: "Limegunduliwa na mhariri."